Aliyekucheka kwa Ukame Ndiye Aliyekuzika: Historia ya Utani wa Mvua na Pombe

Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakiteremka pwani katika karne ya 19 waliipima njia yao kwa maji. Kati ya Unyamwezi na Ugogo palikuwa na Mgunda Mkali, pori lililovukwa kwa siku kadhaa huku kila mtu akihesabu mafunda yaliyobaki kibuyuni. Mbele yake, Ugogo ilipokwisha na kabla ya kufika Mpwapwa, palikuwa na Marenga Mkali, nyika ya maji machungu ambako msafara haukuthubutu kupumzika. Richard Burton aliyepita huko mwaka 1857 na Henry Stanley aliyepita mwaka 1871 waliyaandika majina hayo kama walivyoyasikia kwa watu waliowabebea mizigo. Aliyetoka salama katika nyika hizo aliendelea hadi Uzaramo, nchi ya minazi, ambako mvua hunyesha vuli na masika na mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Huko alimkuta Mzaramo mwenye haki ya kumcheka vumbi lake, njaa yake na pombe yake ya mtama. Mzaramo huyo hakumjua mgeni kwa jina wala kwa ukoo, lakini alimwita mtani, na jina hilo lilikuwa na uzito kuliko vibali vingi vilivyokuja kuandikwa baadaye na serikali.

Leo tumezoea kuuona utani wa makabila kama kichekesho cha harusini na mabasini. Mtu wa Dodoma anaulizwa kama ameshawahi kuona mto wenye maji, mtu wa Njombe anaambiwa avue koti kwa kuwa amefika duniani, na mtu wa Sumbawanga anaombwa asikasirike maana radi iko karibu. Mzaha huo unafurahisha, na hakuna ubaya kuufurahia. Lakini ukifuatiliwa katika historia unaonyesha kitu kikubwa zaidi. Hoja ya makala haya ni kwamba utani kuhusu mvua, majanga na vinywaji ulikuwa njia ya watu wa tabianchi tofauti kujuana na kudaiana. Aliyekutania kwa ukame alikuwa anakiri kwamba anaujua ukame wako, na kwa kukiri hivyo alijifunga kukupa chakula, mahali pa kulala na, ikibidi, kaburi. Kicheko kilikuwa nusu ya mkataba, na nusu ya pili ndiyo tunayoelekea kuisahau.

Kanuni za utani zilijulikana na wote walioshiriki. Mtani angeweza kukutukana mbele ya watu, kuchukua kuku wako, kukaa kwenye kiti chako au kunywa pombe uliyomwandalia mkweo, na wewe hukuwa na ruhusa ya kununa. Siku yako ingefika, nawe ungemfanyia yayo hayo. Kwa upande wa pili, mtani aliyekukuta na shida hakuwa na ruhusa ya kupita kando. Msibani kazi yake ilikuwa nzito kuliko ya jirani wa kawaida. Wafiwa walikuwa wamelemewa, hivyo watani ndio walioshika majembe, waliochota maji, waliosimamia chakula, na katikati ya kazi hiyo waliigiza mwendo wa marehemu, wakamsema kwa ulevi wake au ubahili wake, wakaingia kaburini na kudai walipwe ndipo watoke. Wanaanthropolojia walivutiwa sana na jambo hili. Radcliffe-Brown aliandika juu ya uhusiano wa aina hiyo mwaka 1940, na mwaka huohuo Pedler, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni, akaandika kuhusu Afrika Mashariki. Walichokiona wote ni kwamba dharau iliyoruhusiwa ilikwenda pamoja na wajibu. Walichokipa nafasi ndogo ni maudhui ya mizaha yenyewe, yaani watu walichekana kwa jambo gani hasa.

Mengi ya hayo yalihusu mbingu na udongo. Hilo halishangazi ukiitazama ramani ya mvua ya Tanzania. Pwani ya kaskazini, milima ya kaskazini mashariki na maeneo ya Ziwa Victoria hupata mvua za misimu miwili, vuli na masika. Kusini, magharibi na katikati ya nchi hupata msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha mbingu hufunga kwa nusu mwaka. Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, ilhali Tukuyu hupita milimita 2,000 bila shida. Tofauti hizo hazihitaji hata safari ndefu. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hunyeshewa vizuri, wakati tambarare ya Same, ambayo mtu anaweza kuiona kutoka juu siku ya anga safi, hukauka hadi mbuyu unaonekana umechoka. Wachaga walichimba mifongo ya kuteremsha maji mashambani, na Wapare wakajenga ndiva za kuyatunza maji usiku ili yatumike mchana. Katika nchi iliyogawanyika namna hii, mwaka mbaya kwa mmoja unaweza kuwa mwaka wa kawaida kwa mwingine aliye mwendo wa siku tatu tu. Mtu mwenye akili angetaka kuwa na mtu wake upande wa pili wa mvua.

Hapo ndipo vinywaji vinapoingia, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu pombe za asili ni kalenda inayosomeka vizuri kuliko nyingi. Ulanzi wa Iringa na Njombe hutoka kwenye mianzi michanga inayokatwa ncha kila siku ili itoe utomvu, na mwanzi hutoa utomvu huo wakati wa mvua tu. Maana yake ni kwamba ulanzi hufurika katika miezi ambayo ghala za nafaka zinapungua na mahindi mapya bado yako shambani. Pombe ya mtama au uwele ya Ugogo na Unyamwezi ni kinyume chake. Huja baada ya mavuno, katika kiangazi, wakati nafaka ipo na kazi za shamba zimepungua. Uraka wa Mtwara na Lindi hutengenezwa kwa mabibo, kwa hiyo hufuata msimu wa korosho mwishoni mwa mwaka. Mbege ya Uchagani huhitaji ndizi, ambazo zipo mwaka mzima, pamoja na ulezi, uliokuwa ukilimwa kwa maji ya mifongo, na magome ya msesewe ya kuipa uchungu. Lubisi ya Kagera huhitaji ndizi na mtama. Tembo la mnazi halina msimu, lakini lina saa: lililogemwa asubuhi ni tamu, la jioni limeanza kukomaa, na la kesho yake ni kali au limekuwa siki.

Kwa hiyo Mgogo alipomcheka Mhehe kwamba anaishi kwa kunyonya mwanzi, alikuwa anasema kitu sahihi kuhusu Februari ya Uhehe. Na Mhehe alipojibu kwamba Mgogo hulewa mara moja kwa mwaka, mtama ukijaliwa, naye alikuwa anasema kitu sahihi kuhusu Julai ya Ugogo. Ndani ya kejeli hizo kulikuwa na taarifa: lini kuna nafaka kwenu, lini hakuna, lini mna nafasi ya kupokea mgeni, lini mgeni atakuta watu wako shambani kuanzia alfajiri. Msafiri aliyeyajua matusi ya njia yake aliijua njia yake. Wanyamwezi, waliokuwa wakiondoka kwao kiangazi baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya kupanda, walihitaji taarifa hizo kuliko watu wengi wa zama zao, na si ajabu kwamba orodha ya watani wao ni ndefu na imetandikwa kando ya njia ya misafara hadi Bagamoyo: Wagogo, Wazigua, Wazaramo na wengineo.

Pingamizi la kwanza na la zamani ni kwamba utani haukuzaliwa na mvua wala njia, bali na vita. Aliyelitetea kwa bidii ni Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, ambaye mwaka 1944 alichapisha matokeo ya kuwauliza watu wa makabila mbalimbali watani wao ni nani na kwa nini. Jibu lililojirudia lilikuwa kwamba tulipigana zamani, tukapatana, na sasa tunataniana. Ushahidi huo hauwezi kupuuzwa. Wangoni ndio mfano mkubwa. Walivuka mto Zambezi Novemba 1835, wakati wa kupatwa kwa jua, wakapanda kaskazini hadi Ufipa. Baada ya kifo cha kiongozi wao Zwangendaba katika miaka ya 1840 waligawanyika, wengine wakaenda Unyamwezi na Usumbwa ambako waliitwa Watuta, wengine wakaishia Songea. Popote walipopita walipigana, na popote walipopigana leo wana watani, kuanzia Wasukuma na Wanyamwezi hadi Wahehe, ambao walipambana nao vikali kati ya mwaka 1878 na 1882.

Nakubali kwamba vita vilifungua milango mingi ya utani. Ninachokataa ni kwamba vita peke yake vinaeleza kilichofuata. Afrika Mashariki ya karne ya 19 ilikuwa na vita vingi ambavyo havikuacha utani wowote, viliacha chuki au ukimya. Watu waliopigana hugeuka watani pale tu wanapokuwa na sababu ya kuendelea kukutana, na sababu hiyo mara nyingi ilikuwa chakula, mifugo, chumvi, chuma au njia. Vita vyenyewe vilikuwa na uhusiano na ghala. Jeshi la Kingoni lilifuata nafaka na ng'ombe, na mwaka wa njaa ulikuwa mwaka wa mashambulizi. Utani uliotokea baada ya hapo uliruhusu kitu kilekile kifanyike bila mikuki: mtani aliingia kwako, akachukua kuku au debe la mtama huku akicheka, nawe ukajua kwamba mwakani utakwenda kwake kuchukua chako. Ukiwauliza wazee asili ya utani watasema vita, kwa kuwa vita ndivyo vinavyosimuliwa. Mabadilishano ya mtama hayana mashujaa, kwa hiyo hayasimuliwi kwa sauti kubwa.

Njaa ya Ugogo inatoa mtihani mgumu zaidi kwa hoja hii, kwa sababu ndipo kicheko kinapokaribia kuumiza. Mzaha kwamba Mgogo ni mtu wa kuomba umeenea nchi nzima, na wanaourudia wengi hawajui ulikotoka. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa ambayo wenyewe waliiita Mtunya, yaani hali ya kunyang'anyana. Ukame ulikuwa sehemu tu ya chanzo chake. Jeshi la Wajerumani na kisha la Waingereza, ambalo liliingia Dodoma mwaka 1916, yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na homa kali ya mwaka 1918 ikawakuta watu wamekwisha dhoofu. Mwanahistoria Gregory Maddox amekadiria kwamba katika watu wapatao 150,000 wa eneo hilo, 30,000 walikufa. Familia zilizobaki zilitawanyika kutafuta chakula kwa majirani. Anayemcheka Mgogo kwa kuomba, kama hajui habari hizi, anacheka maafa yaliyoletwa na vita vya Wazungu.

Lakini tazama pia Wagogo walivyojipanga kabla ya maafa hayo na baada yake. Peter Rigby, aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wagogo mwaka 1969, alieleza jinsi mwenye mifugo alivyogawa ng'ombe wake kwa watu wa sehemu mbalimbali wawatunze, ili ukame ukiua kundi la hapa, la kule lisalimike. Rigby huyohuyo aliandika kwa kirefu kuhusu utani wao. Mambo hayo mawili yanastahili kusomwa pamoja. Mtu anayetawanya ng'ombe katika nchi yenye mvua ya kubahatisha anatawanya pia mahusiano, na mtani ni uhusiano usiohitaji damu wala ndoa. Katika mfumo kama huo, kuomba hakukuwa aibu. Kulikuwa kudai sehemu ya kilichowekwa akiba kwa mwenzio. Aibu ilikuja pale ombi lilipohamia kwenye barabara za mji, mbele ya watu wasiokuwa na utani na muombaji, watu waliokumbuka kicheko na hawakujua deni.

Mashamba ya mkonge ndiyo yaliyoujaribu utani nje ya mazingira yake ya zamani, na ndiko ushahidi ulio wazi zaidi unakopatikana. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia katikati ya karne ya 20 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Waliokata majani hayo Tanga na Morogoro walikuwa manamba: Waha kutoka Kigoma, Wangoni na Wabena kutoka kusini, Wanyamwezi, Wasukuma, na wengine kutoka ng'ambo ya mipaka. Mtu alikuja peke yake kwa mkataba, akakaa kambini na watu wasioijua lugha ya mama yake. Akifa, hakuwa na ndugu wa kumfukia. Watani wake wakajitokeza. Mnyamwezi aliyefia mbali na Tabora alizikwa na Wazaramo au Wazigua kwa sababu babu zao walitaniana njiani, na Mngoni aliyefia Tanga alizikwa na Wasukuma. Jambo kama hilo lilitokea pia katika miji ya shaba ya Zambia ya leo, ambako Clyde Mitchell, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu ngoma ya kalela, alionyesha jinsi makabila ya mbali yalivyoanzisha utani mpya mjini. Kambini hapakuwa na mvua ya kugawana wala mtama wa kuazimana, lakini mizaha iliendelea kuhusu baridi ya Ubena, jua la Ugogo na pombe ya kila mtu. Ilitumika kumtambulisha mgeni: huyu ni wa wapi, nina deni gani kwake.

Pingamizi la pili ni zito kwa msomaji wa leo. Je, mizaha hii haijengi dharau? Haimfanyi mtoto wa Rukwa aonekane mchawi na wa Kagera aonekane mwenye majivuno, mwingine mlevi, mwingine mwenye njaa? Inaweza kufanya hivyo, na imekwisha kufanya hivyo. Chukua radi. Watu wa nyanda za juu za Ufipa na wa maeneo ya ziwa wanataniwa kwa radi kana kwamba huzitengeneza jikoni. Ukweli ni kwamba Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria hutoa mvuke mwingi, hewa hiyo yenye unyevu hupanda na kupoa juu ya milima na nyanda zinazoyazunguka maziwa hayo, na eneo hili ni miongoni mwa yenye ngurumo nyingi duniani. Radi huko huua watu na mifugo kweli. Mzaha unaoigeuza hatari hiyo kuwa uchawi huweza kumgharimu mzee wa kijiji maisha yake pale unapoaminiwa na mtu asiye mtani. Hata jina Sumbawanga, ambalo kwa Kifipa hutafsiriwa kuwa tupa uchawi, limegeuzwa kichwa chini: mji uliowataka wageni wauache uchawi nje unasemwa kuwa ndio makao yake.

Jibu langu ni kwamba ubaya huo hutokana na kuuvunja mkataba wa utani. Utani wa zamani ulikuwa na vizuizi. Kwanza, ulikuwa wa watu wawili wanaojulikana kuwa watani. Mtu asiye mtani wako akikutukana lilikuwa tusi, na tusi lilikuwa na faini. Pili, ulikwenda na kurudi, kwa hiyo aliyetania kwa njaa alijua atataniwa kwa baridi au kwa mbu. Tatu, ulidai malipo siku ya msiba. Dhihaka ya siku hizi inayorushwa na mtu asiyeonekana kwa watu milioni moja haina hata kimoja kati ya vizuizi hivyo. Kuiita utani ni kuipa heshima isiyostahili. Kwa hiyo anayelalamikia kejeli za kikabila ana haki, ila anayepaswa kulaumiwa ni yule aliyechukua maneno ya utani akaacha kazi yake.

Na majanga hayakuisha ili tuseme kazi hiyo imepitwa na wakati. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua zaidi ya watu 15 na kubomoa nyumba kwa maelfu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, wakafa zaidi ya watu 80. Pwani nako kuna kumbukumbu zake. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa imepona kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Kimbunga kingine kiliipiga Lindi Aprili 1952. Mfano wa Unguja na Pemba unafaa kukumbukwa na kila anayemcheka mwenzake kwa hali ya hewa: siku moja ya upepo ilihamisha utajiri kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Utani uliozingatia ukweli huo haukuwa na nafasi ya kiburi, kwa sababu kila mtu alijua mbingu hazina upendeleo wa kudumu.

Lipo pingamizi la tatu, la pombe. Wapo wasemao kwamba kuusifia utani wa vibuyu ni kuusifia ulevi, na kwamba watu wasiokunywa, wakiwamo Waislamu wengi wa pwani, hawana nafasi ndani yake. Ulevi umeharibu nyumba nyingi na haufai kufichwa nyuma ya neno mila. Hata hivyo, pombe iliyofungwa na msimu wa mwanzi au mavuno ya mtama ilikuwa na mwisho wake. Iliyotolewa kwa watu walioitwa kulima ilikuwa ujira wa jembe. Mbege iliyoanzwa na wazee kwa utaratibu ilikuwa na macho yanayoitazama. Kilichovunja vizuizi hivyo ni pombe ya kununuliwa saa yoyote na gongo isiyo na msimu. Kuhusu wasiokunywa, historia inaonyesha kwamba utani haukuwahitaji walewe. Mtu wa bara alimshangaa mtu wa pwani anayekunywa kahawa chungu ya moto kwenye baraza huku jasho likimtiririka, na mtu wa pwani alimshangaa Mhaya anayemkaribisha mgeni kwa kumpa buni za kutafuna. Kinywaji kilikuwa kitambulisho cha nchi ya mtu, kiwe kikali au kitamu, na kilitaniwa kwa sababu hiyo.

Hata mpira umeazima neno hili. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 huitwa watani wa jadi, na jina hilo lilichaguliwa na watu waliojua maana yake: washindani wasioweza kuishi mmoja bila mwingine.

Mwalimu Nyerere husifiwa, na kwa haki, kwa kuwaunganisha Watanzania kwa Kiswahili na siasa zisizo za ukabila. Wapo wanaoona kwamba sifa hiyo inatosha kueleza amani ya nchi hii, na kwamba utani ni pambo tu. Lakini Kiswahili chenyewe kilisafiri kwa miguu ya wapagazi walewale wa Mgunda Mkali, na TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 iliwakuta watu ambao tayari walikuwa na neno la kumwita mgeni aliye na madai kwao. Serikali haikulitunga neno hilo. Ilirithi watu waliokuwa wamezoea kumlisha na kumzika mtu waliyemcheka jana yake.

Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwatuma wanafunzi wake kukusanya habari za utani sehemu mbalimbali za nchi, na kazi yao ikatoa juzuu kadhaa ambazo wasomaji wa kawaida hawajawahi kuziona. Zichapishwe upya kwa Kiswahili, na redio za mikoa ziendeleze pale wanafunzi wale walipoishia: mtama wa nani ulikwenda kwa nani mwaka gani wa ukame, ni nani aliyemzika nani kwenye mashamba ya mkonge ya Muheza, na mizaha gani ilisemwa kaburini. Wazee waliokata mkonge na kuwazika watani wao wanapungua kila mwaka, na wanapaswa kuulizwa sasa.